Mfunga Fundo Haketi Mbali

Mfunga fundo haketi mbali. Leo mmeisikia kwa mwenyekiti wa mtaa, akimwambia yule fundi aliyechimba shimo njiani akaenda zake, nanyi mkanigeukia kuniuliza ilitoka wapi. Mwenyekiti mwenyewe hajui. Nitawaambia, kwa kuwa nyote hapa mna waume na wake zenu na hakuna wa kuzibwa masikio. Anayeona haya ainamishe kichwa, ila asinikatize.

Methali hii ilianza hivi.

Pangani palikuwa na fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, jina lake Hiza, na mkewe Raya, mshona kofia za viua, zile za kudarizi kwa mkono. Walioana wakiwa watu wazima. Raya alikuwa na miaka thelathini na moja na alikwisha kuachika mara moja, kwa hiyo hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Walipendana kwa utulivu, mapenzi ya kuwekeana maji ya kuoga na kubakishiana minofu. Na walikuwa na mchezo wao.

Mchezo huo Raya ndiye aliyeuomba, msije mkamlaumu mwanamume. Siku moja alimtazama Hiza akikaza kamba za kitanda, akamwambia bila kupepesa macho kwamba angependa naye afungwe. Hiza alishtuka. Kisha akauliza maswali mengi, kama anavyomuuliza mteja kabla ya kushika kazi: wapi, kwa muda gani, kipi kisiguswe. Wakapatana. Wakachagua neno moja, tangawizi. Raya akilitamka, mchezo umekwisha papo hapo, hakuna kubembelezana.

Ulikuwa hivi. Hiza alitundika kata ya maji ya mtungini kwenye boriti, juu ya mgongo wa mkewe. Kwenye mpini wa kata alifunga kamba, kamba ikapita juu ya boriti ikashuka, ncha yake ikafunga mikono ya Raya aliyokuwa ameiinua. Akisimama kwa ncha za vidole vya miguu, kata inatulia. Akishusha visigino, mikono inavuta, kata inainama, maji ya baridi yanamshukia. Basi achague: miguu iwake moto, au mgongo ulowe. Huku kuna adhabu na huku kuna adhabu, na raha yote imo katika kuchagua. Hiza huketi mbele yake kwenye kigoda, akimtazama, akimtania, akimgusa vidole kujua kama vingali na joto. Raya hucheka na kulalamika kwa pamoja. Kamba yenyewe ilikuwa ya pamba, laini, na fundo lake hufunguka kwa mvuto mmoja.

Jumamosi moja asubuhi kamba ya pamba ilikuwa imefuliwa, ingali mbichi uani. Hiza akachukua kamba ya usumba, ya nyuzi za makumbi ya nazi, aliyokuwa ameiloweka kwa ajili ya kitanda cha Mzee Kibwana, maana usumba ukilowa hulainika mkononi. Na mikono, ikishashika usumba, ilifanya ilichozoea kwa miaka kumi na minane: ikafunga fundo la kitanda. Fundo hilo halikuumbwa kufunguka. Kila likivutwa huuma zaidi, ndiyo maana watu hulalia kitanda kimoja hadi wajukuu. Hiza hakutambua, wala Raya.

Walikuwa hawajacheka hata mara mbili, hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Kibwana mwenyewe, amekuja na tendegu moja, mguu wa kitanda chake, begani. Hiza akamwambia mkewe dakika moja tu, anamwondoa. Akarudisha mlango, akatoka barazani.

Mnamjua Mzee Kibwana? Hamumjui, alishatangulia mbele ya haki, lakini alikuwa mtu ambaye ukimuuliza hali anakuanzia na ya babu yake. Akaeleza habari za tendegu. Akaeleza mti uliotoa tendegu. Hiza alisema ndiyo mzee, ndiyo mzee, akingoja pa kupenyeza neno.

Ndani, Raya alichoka miguu akashusha visigino. Maji yakamshukia, akashtuka, akacheka peke yake. Kisha akaona hakuna wa kucheka naye, na kicheko kikaisha. Kata ilikuwa tupu sasa, lakini fundo lilikuwa limeuma. Akajaribu kulilegeza, likauma zaidi. Kidole gumba cha kulia kilianza kuwashawasha, halafu hakikuwasha tena, na hilo ndilo lililomtisha. Kidole hicho ndicho kinachosukuma sindano.

Akasema tangawizi, kwa sauti ya chumbani. Barazani Mzee Kibwana alikuwa bado yuko kwenye mti.

Hapo ndipo Raya alipojikuta kwenye mtego ambao hakuna aliyempangia kwa mapenzi. Akipiga kelele, Mzee Kibwana atasikia, pengine ataingia, na mji mzima utajua kabla ya adhuhuri. Akinyamaza, mkono unaharibika. Machozi yalimtoka, wala si kwa maumivu. Alikuwa akitazama kile kigoda kitupu.

Akapiga kelele. "Tangawizi! Hiza, tangawizi!"

Mzee Kibwana alisema kwa upole kwamba mama anataka tangawizi ya chai, na kwamba kwake ipo. Hiza alikwisha kuingia ndani na kukomea mlango. Akashika fundo, vidole vikashindwa, akaliona ni fundo gani na damu ikamwisha usoni. Akachukua kisu cha kazi akaikata kamba, kazi ya siku mbili, akampokea mkewe kifuani. Alimkanda mikono mpaka chai ya asubuhi ikapoa mezani. Hakuacha kumwomba radhi.

Kidole gumba kilikaa na ganzi siku tisa. Siku hizo zote Hiza alimkatia nyama, akamfunga vifungo vya nguo, na akaapa kwamba mchezo ule hautarudi nyumbani mwake. Ile kamba ya pamba akaitia motoni jikoni. Alidhani hiyo ndiyo toba. Raya aliitazama ikiungua, na kuanzia hapo akawa mkimya hata Hiza akaogopa.

Siku ya kumi, sindano ilipokubali tena, Raya alikwenda kwa somo yake, Bi Shuwena. Mwanamke huyo alikwisha kuwafunda maharusi wengi kiasi kwamba hakuna jambo la chumbani lililokuwa geni kwake. Raya akamweleza yote, akauliza kama ana kasoro, maana ameumia na bado anautaka.

Bi Shuwena aliendelea kupepeta mchele. Akamuuliza anapenda nini hasa, kufungwa au kuumia. Raya alifikiri sana. Akasema anapenda anavyotazamwa. Pale akiwa amesimama, anachagua miguu au maji, Hiza hana mteja, hana kitanda, hana dunia nyingine. Hakuna wakati mwingine anaojiona amepakatwa namna ile, ingawa hajaguswa.

"Na ulipoumia, mumeo alikuwa wapi?"

"Barazani."

"Basi mwambie yeye. Mimi unaniambia ya nini?"

Raya alirudi akamkuta Hiza anawamba. Akaketi chini karibu naye, akamshika mkono ulioshika kamba.

"Mume wangu, sikuudhika kwa kuwa ulinifunga. Mimi ndiye niliyetaka. Fundo lilikuwa kosa la mkono, na mkono hufundishika. Lililoniuma ni kuondoka. Halafu ukachoma kamba peke yako, ukaondoka mara ya pili. Mfunga fundo haketi mbali, Hiza."

Hiza alilia, mtu mzima yule, na hakujificha. Akasema alidhani anamlinda. Raya akamwambia amlinde akiwa karibu.

Mwezi mzima Hiza alifunga fundo la kufunguka kwenye mguu wa meza, akiwa amefumba macho, mpaka mkono ukalizoea. Usumba ukapigwa marufuku chumbani. Wakanunua kamba mpya ya pamba, wakaongeza sharti moja: mlango ukigongwa, haufunguliwi.

Na ukagongwa. Asubuhi moja Raya alikuwa juu ya vidole vyake, kata imejaa, Hiza yuko kwenye kigoda, magoti yao yanakaribia kugusana. Hodi, ikaja sauti ya Mzee Kibwana. Kitanda chake kilikuwa tayari tangu juzi, na safari hii amekuja na shemeji yake akione. Raya akamtazama mumewe. Safari hii alimwachia yeye achague. Moyo ulimwenda mbio kuliko miguu ilivyowaka.

Hiza hakugeuza hata shingo. Akainua sauti:

"Mzee, niwie radhi, nina kazi mkononi. Mfunga fundo haketi mbali. Njoo alasiri."

Mzee Kibwana, wanasema, alikwenda zake akiisifu kauli hiyo njia nzima. Akawaambia watu msikitini kwamba huyo ndiye fundi, haachi kazi hata kwa mteja. Tangu hapo mji mzima unaisema.

Ndani, Raya alisikia nyayo zikiishia. Akavuta pumzi, akachagua maji. Akashusha visigino taratibu, na yalipomshukia mgongoni, yule aliyemfunga alikuwa pale pale, ananyoosha mikono kumpokea.

Mfunga fundo haketi mbali.