Jemadari Pyo na Jiko la Amani

"Hata amani ina kuni zake." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, nanyi mmeniuliza maneno haya yametoka wapi. Basi kaeni vizuri niwaeleze, maana yana mwenyewe, na mwenyewe hakuyapata kwa raha.

Zamani za wafalme, katika nchi ya Korea, palikuwa na jemadari akiitwa Pyo Ik-hwan. Alikuwa mtoto wa mjane mfuma nguo. Alijifunza kupiga mshale huku farasi akikimbia, akashinda mtihani wa mfalme, na alipofika miaka arobaini akapewa ngome ya kaskazini, kwenye mto wa mpakani. Huko baridi huwa kali hata mto ukaganda, watu wakaukanyaga kama barabara. Na ukishaganda, wavamizi huvuka.

Pyo alikuwa mtu wa huruma. Askari walizoea majemadari wa kiboko. Huyu alionja uji wao kwanza, na ukiwa mbaya, naye alilala njaa.

Mbele ya ngome palikuwa na kilima, na juu yake majiko matano ya mawe. Walinzi watatu walikaa huko. Kila adhuhuri waliwasha. Jiko moja likifuka moshi, ni amani. Mawili, adui kaonekana. Matano, watu wanapigana. Ngome ikiona, nayo huwasha, kilima kwa kilima, mpaka habari imfikie mfalme.

Mwaka mmoja theluji ilizidi, kuni zikawa za kufuatwa mbali. Mlinzi mmoja akakatwa vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi. Pyo alipouona mguu ule, chakula kilimshinda. Akapanda kilima mwenyewe, akawaambia wasiwashe tena jiko la amani mpaka barafu iyeyuke. Kuni waziweke kwa siku ya adui. Wakiwa kimya, ngome itajua ni salama.

Wawili walifurahi. Mkuu wao, mzee Deoksoe, akakuna kidevu.

"Jemadari wangu, mke wangu Okdan yuko bondeni pale chini. Nikinyamaza siku moja tu, husema nimekufa."

"Na ukiongea?"

"Husema afadhali ningekufa."

Wakacheka wote, na Pyo akateremka moyo mweupe.

Siku kumi na tisa kilima kilikaa bila moshi, wala hapakuwa na neno. Siku ya ishirini, alfajiri, wavamizi walivuka barafu, wakapanda kwa nyuma, wakawaua walinzi wote watatu kabla hawajapuliza kaa la moto. Adhuhuri Pyo alisimama ukutani, akatazama kilima kisafi, akashukuru. Akaamuru jiko la ngome liwashwe, mfalme aambiwe ni amani. Kumbe saa ile ile, nyuma ya kilima, watu wa vijiji viwili wanafungwa kamba.

Wakimbizi walifika kesho yake. Pyo alitoka na wapanda farasi wake, akapigana siku tatu, akawarudisha mateka wengi. Si wote.

Kabla barua ya hukumu ya mfalme haijaja, alikwenda kwa Okdan, kwa miguu, bila upanga. Alimkuta kakaa na soksi za pamba mapajani, hazijaisha. Akapiga magoti.

"Mama, niliwahurumia."

"Najua, Jemadari. Mume wangu aliniletea habari ya amri yako, na kwamba una moyo mzuri." Okdan hakuinua macho. "Siku ile nilitazama kilima. Sikuona moshi, nikasema yu salama. Nikakaa hapa nashona, na yeye kalala kwenye theluji tangu alfajiri. Hata kuogopa uliniondolea."

Pyo akasema kwa sauti ndogo kwamba zile kuni zilikuwa zinawaua.

"Basi ungewapa watu wa kuwasaidia kubeba. Ungebeba hata wewe. Hata amani ina kuni zake. Asiyezibeba hana amani, ana ukimya tu."

Wakubwa wa mfalme walitaka akatwe kichwa. Mfalme, kwa ajili ya wale mateka waliookolewa, alimvua cheo tu, akamwacha askari wa kawaida. Pyo akaomba apelekwe kulinda kilimani. Siku ya kwanza alijitwika kuni mgongoni, akaanguka mara mbili njiani, na askari waliokuwa wakimpigia saluti wakatazama pembeni kwa haya. Adhuhuri moshi mmoja ukapanda. Bondeni wanawake wakainua nyuso, wakauona, wakarudi kwenye vinu vyao. Okdan naye alitazama.

Miaka kumi na miwili Pyo alipanda kile kilima. Askari wa ngome nao wakaanza kupanda kwa zamu, kila mtu na mzigo wake, bila kuamriwa. Siku moja msafiri alimuuliza, mtu aliyekuwa jemadari hachoki kuhangaika kila siku ili aseme hakuna jambo?

Pyo alikuwa akikaza kamba ya mzigo. Akajibu kwamba maneno si yake, ni ya mama mmoja wa bondeni: hata amani ina kuni zake.