Kisu cha Baba Mkwe

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto wa kwanza na hofu iliyomzidi mtoto kwa ukubwa. Jina lake Nyanjura. Alikuwa ameolewa katika nyumba ya Mzee Mafuru, baba wa mumewe, mvuvi wa ndoana kando ya ziwa, mtu ambaye hata siku wenzake wakirudi mikono mitupu yeye alirudi na sato. Alijua jiwe ambalo samaki hulala chini yake, alijua kuvuta mshipi taratibu usikatike. Kijiji kilimsifu, na Nyanjura pia alimsifu, kwa moyo wake wote.

Lakini kisu chake, jamani! Kipande cha panga, kinene, kigumu, mpini umefungwa kwa kamba. Kilipasua samaki kwa nguvu, kikakata nyama na miiba pamoja, na miiba ikabaki imejificha ndani ya mnofu ambako jicho haliioni.

Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mjukuu akishaota meno, babu humlisha samaki wa kwanza, samaki aliyemvua mwenyewe, kwa vidole vyake, mbele ya wote. Kuuchambua mnofu alioutoa mkubwa ni sawa na kumwambia kwamba haoni. Basi mtoto akaota meno, babu akatangaza kwamba atamlisha Jumapili, na kuanzia hapo Nyanjura kila akimwona mwanawe anameza hata uji, yeye anamchungulia kinywani.

Akamwambia mumewe. Mumewe akacheka. "Mbona mimi nimekula samaki wake tangu utotoni, na nipo?"

Hakubishana naye. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda mjini kwenye duka la vifaa vya uvuvi, akaomba aoneshwe visu. Muuzaji akamwekea kikubwa kuliko vyote mezani, akakigonga kwa fahari. "Hiki dada, hakipindi! Mfupa wowote utakaokutana nacho umekwisha."

Nyanjura akakisogeza pembeni. Akachukua kingine, chembamba, kirefu, ncha imechongoka. Akaikandamiza ncha yake juu ya meza, kisu kikapinda kama unyasi, akaachia, kikanyooka kama hakijaguswa. Akalowesha kiganja kwa maji ya kunywa ya muuzaji, akaukamata mpini, haukuteleza. Akatazama kama chuma kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho, maana kisichopita hivyo siku moja kitabaki nusu mkononi.

"Hicho kinalegea kama utepe," muuzaji akasema. "Unampelekea nani, mgonjwa?"

"Nampelekea fundi," akasema Nyanjura. "Na sitaki kisu cha kuushinda mfupa, kaka. Nataka kinachoupapasa."

Kwao mkamwana hampi baba mkwe kitu mkononi. Nyanjura akakinunua, na Jumapili asubuhi akakiweka juu ya sinia, ndani ya ala yake, akapiga magoti mlangoni, akalisukuma sinia mbele, akarudi nyuma. Hakusema kwa nini. Aliinamisha macho, maana mzee angeweza kuuliza: kwani changu kina nini? Na lingeulizwa hilo, angejibu nini?

Mzee Mafuru akakichomoa. Akakigeuza kwenye mwanga. Akakipinda kwa kidole gumba, polepole, kikarudi, na uso wake ukawa wa mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi. Hakuuliza lolote. Akavuta sato wa Jumapili ile, akaingiza ncha nyuma ya kichwa, na kisu kikaanza kutembea chenyewe, kinafuata mgongo, kinaufuata kila ubavu kikiusalimia na kuuacha mahali pake. Mnofu ukanyanyuka mzima. Miiba yote ikabaki upande wa pili, imepangana kama meno ya kitana.

Mzee akaitazama ile miiba. Akapitisha kidole juu ya mnofu, akarudia. Kisha akamwuliza mkewe, kwa sauti ya chini, "Miaka yote ile mlikuwa mnakula nini?"

"Tulikuwa tunatemea kiganjani, baba," mkewe akasema. "Ukigeuka, tunatupa."

Na mumewe Nyanjura, yule aliyecheka, akatazama chini.

Mzee akaweka kisu chini. Kisha akacheka, akacheka mpaka akapangusa macho, akamega kipande, akamlisha mjukuu wake. Nyanjura hakuhitaji kufumba macho. Mtoto akatafuna, akameza, akafungua kinywa tena.

Hakuna aliyemkosea mzee yule kama waliotema kimya kimya kwa kumheshimu, na aliyemheshimu kweli ni yule aliyeogopa kuliko wote. Sasa niambieni, mliokaa hapa: ni miiba mingapi tunaingoja ifike kwenye koo la mtoto, ndipo tutafute namna ya upole ya kumwonesha mkubwa wetu kwamba ipo?