Simu Aliyoiomba Fundi Ambilikile

Isome mpaka mwisho. Kama huna dakika tatu, iache, usije ukaisambaza nusunusu.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea mageti pale Uyole, jina lake Ambilikile. Kazi yake safi, mdomo wake mkali. Akikuambia geti Jumamosi, ni Jumamosi. Kitu kimoja tu kilimchemsha damu: kubipiwa. Yuko juu ya ngazi, cheche zinaruka, simu inalia mara moja na kukata. Anashuka, anavua glavu, anatazama: kumbe mteja anataka apigiwe yeye.

"Mwenye shida apige!" alifoka kila mara. "Kubipu ni kubisha hodi halafu ukakimbia."

Siku moja wakaja vijana wa kampuni ya simu, wakiuliza watu wanataka nini kwenye simu zitakazotoka mwakani. Muuza viazi akataka betri ya kukaa wiki nzima. Kinyozi akataka kamera ya kung'arisha sura.

"Sura yako hata ukiipaka rangi ya geti haing'ai," muuza viazi akamwambia, watu wakacheka.

Ambilikile akainua kinyago chake cha kuchomelea. "Mimi nataka simu inayonyamazisha mabipu. Yote. Isitoe hata mlio."

Binti aliyekuwa akiandika akamtazama. "Yote, baba? Hakuna hata bipu moja unayoihitaji?"

"Binti, nimesema Kiswahili au Kinyakyusa? Yote!"

Binti akaandika.

Sasa sikiliza. Ambilikile alikuwa na dada yake mkubwa, Tumpe, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Tumpe aliishi peke yake huko mlimani, upande wa Rungwe, na alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kila asubuhi, akishawasha moto, alimbipu mdogo wake mara moja: nimeamka salama. Naye anamrudishia moja: nimesikia. Zikija mbili mfululizo, maana yake njoo. Kwa miaka sita mbili zilikuja siku moja tu, na siku hiyo Ambilikile alifika kwa dada yake bado amevaa aproni ya kazi.

Hiyo hakuwahi kuihesabu kuwa bipu. Kwake ilikuwa kama jogoo.

Mwaka ukageuka, simu zikatoka, na waliotoa maoni wakapewa za kujaribia. Ambilikile akahamishia laini yake humo. Kimya! Akachomelea kutwa nzima bila kushuka ngazi, akiimba.

Asubuhi ya kwanza bipu ya dada haikuja. "Mvua hizi, sola haijai," akajisemea. Ya pili akasema ni mtandao. Ya tatu moyo ulimshtuka, lakini geti la watu lilikuwa la Jumamosi, na yeye si mtu wa kuvunja ahadi. "Kungekuwa na shida zingekuja mbili," akasema, akashusha kinyago.

Siku ya nne akatokea Mama Bupe, jirani wa dada yake, khanga kaifunga kiunoni. Hakusalimia.

"Fundi, tumekungoja mpaka tumechoka."

"Mmeningoja? Kuna nini?"

"Dada yako ametutoka alfajiri."

Ambilikile akashika ngazi. "Mbona hakunibipu?"

"Alibipu mbele ya macho yangu! Tangu juzi. Mbili, anapumzika, mbili tena. Nikamwambia dada, ngoja nikakope vocha tumpigie. Akakataa. 'Usimsumbue, yuko juu ya ngazi. Akiona mbili, anakuja.' Jana usiku hakutaka tufunge mlango. Na ndizi zako kazifunika kwenye sufuria, tukizigusa anatukaripia."

"Haikuingia hata moja! Hata moja!" Akaifungua simu amwonyeshe. Ndipo alipoona mahali ambapo hakuwahi kupagusa, pameandikwa: Mabipu yaliyonyamazishwa, 83.

Akashuka na kidole. Mteja. Mteja. Tumpe, moja. Tumpe, moja. Kisha Tumpe, mbili. Mbili. Mbili. Mbili. Ya mwisho, ya alfajiri ile, ilikuwa moja tu. Ya pili hakuiwahi.

Baada ya arobaini, yule binti wa kampuni akarudi na makaratasi yake. "Baba, simu imekuridhisha? Kuna kitu tuongeze kwenye ile ijayo?"

Ambilikile akainua kinyago chake.

"Andika," akasema. "Inafanya kila nilichoomba."

Akashusha kinyago usoni. Binti alisimama pale kitambo, lakini hakuona cheche hata moja.

Funzo: Kabla hujaomba kelele zote zizimwe, jiulize ni nani wako asiye na namna nyingine ya kukuita.