Kiti Kimoja cha Klabu ya Watani

Hebu fumba macho, ukione chumba kimoja huko Tanga. Viti vimepangwa duara, na kila kiti kimechongwa jina la mwenyewe mgongoni. Katikati pana kinu kilichopinduliwa, na juu yake ameketi mtu mashuhuri aliyekunja uso, huku wenye viti wakimtania bila huruma. Hiyo ndiyo Klabu ya Watani, klabu ya wachekeshaji watupu. Asiye na kiti haingii. Husikilizia dirishani, uani, pamoja na masufuria.

Mwaka huo mwanachama mmoja alikuwa amefariki, akaacha kiti kitupu. Mila ya klabu ni hii: mgombea mmoja huingia kumtania mgeni. Mgeni akicheka kabla ubani haujazimika chetezoni, kiti kimepata mwenyewe. Asipocheka, kiti kinapasuliwa kuni.

Uani walikuwapo watatu waliokitaka. Kuzenza alikuwa na sikio: watu walimwambia yale wasiyomwambia mtu. Siwema alikuwa na maneno, mafupi na makali kama pilipili kichaa. Mbaruku alikuwa na mwili: akimwigiza mtu, hata mama wa mtu huyo angemwita aje kula.

Mgeni safari hii alikuwa Kipa Shekue. Hakuna aliyemwona akicheka tangu fainali ile alipofungwa goli la kizembe, mpira ukimpita kushoto naye ameinama anafunga kamba ya kiatu. Watu walimpenda mno, hata hawakuthubutu kulitaja.

"Huyu mmoja wetu hamuwezi," alisema Siwema. "Tuungane."

Wakaungana. Kwa furaha yao wakasahau kupatana kiti kitakuwa cha nani.

Kuzenza akawa anakwenda kwa Shekue, alasiri baada ya alasiri, wanakunywa kahawa, haulizi kitu. Mwishowe kipa akasema mwenyewe, "Mwanangu, goli haliniumi. Kinachoniuma ni ninyi kulinyamazia kama msiba." Kuzenza akarudi na neno hilo. Bila yeye, nani angethubutu?

Siwema akalipokea, akajifungia chumbani. Alikuwa amechoka. Maneno yake yalishaingia klabuni mara nyingi kwa vinywa vya wengine, yeye akibaki dirishani. Hata hivyo alitunga, akafuta, akatunga tena. Bila yeye, kingesemwa nini?

Siku ilipofika, Mbaruku akaingia.

"Shikamoo, kipa. Nimetumwa na wezi wa mtaa wa Ngamiani. Wanauliza, wakija kwako wapite upande gani? Nimewaambia wapite kushoto. Huko mwenyewe hana habari nako."

Mtu mmoja tu akakohoa. Shekue hakutikisika, na moshi wa ubani ulikuwa umebaki uzi. Dirishani, Siwema aling'ata pindo la kanga.

Ndipo Mbaruku akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu, taratibu, ulimi nje, vilevile kama kipa siku ile. Kisha akaruka kwa nguvu zake zote, kulia, akaanguka kifudifudi amekumbatia hewa. Bila yeye, maneno yangefia palepale.

Shekue akacheka. Alicheka hadi akateleza kinuni, akakaa sakafuni anafuta machozi.

Hapo ugomvi ukaanza.

"Kiti changu," alisema Mbaruku. "Mlimwona nani akiingia?"

"Uliingia na maneno ya nani?" Siwema aliuliza dirishani. "Kila siku natwanga mimi, wanakula wengine."

"Maneno yako walikuwa wameyanyamazia, Siwema," alijibu Mbaruku. "Ulisikia mwenyewe."

"Nanyi mngetania nini, dada?" aliuliza Kuzenza, naye yuko dirishani. "Ndevu zake?"

Bi Kilua, mkuu wa klabu, akamgeukia kipa. "Uliyecheka ni wewe. Kilichokuchekesha ni kipi?"

"Bibi," alijibu Shekue, "mtu akitekenywa hahesabu vidole."

Wenye viti wakaangua kicheko. Siwema hakucheka.

"Kiti ni kimoja," alisema Bi Kilua, "na jina huchongwa moja." Akashika patasi, akawatazama wote watatu, asijue aanze na herufi gani.

Patasi hiyo ingekuwa mkononi mwako wewe unayesikiliza, ungechonga jina la nani? Fikiri, usiharakishe. Nakuomba tu ukumbuke jambo moja: kicheko kile walikisikia wote watatu, ila wawili walikisikia kupitia dirishani.