Siku Macho Yalipopata Pazia

Nimewasikia mkicheka. Leo asubuhi Chao aliposhuka garini na begi lake nilimvuta, nikafumba macho, nikamnusa utosi mbele ya watu, nanyi mkaangua kicheko kule jikoni mkidhani masikio ya bibi yenu ni ya mapambo. Haya. Mahindi haya hayajipukuchui yenyewe, na mimi sipendi kazi ya kimyakimya. Kila mtu ashike hindi lake asogee, na asiyetaka kusikia atasikia hivyo hivyo.

Zamani sana, kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa, binadamu hakuwa na kope. Macho yake yalikuwa wazi usiku na mchana. Akitaka kulala alijifunika uso kwa jani la mgomba, na upepo ukilipeperusha jani, basi usingizi umekwisha. Mtoto akizaliwa, mama alimkinga jua kwa kiganja mpaka mkono ukafa ganzi. Sisi tukisema macho hayana pazia tunasema kwa mzaha tu. Wao ndivyo walivyoishi.

Sasa, kitu kisichopumzika hujiona ndicho kinachojua kila jambo. Macho yakawa mabwana. Chakula kilisifiwa kabla hakijaonjwa, mchumba akakubaliwa kabla hajasema neno. Masikio yalikuwepo, ulimi ulikuwepo, ngozi ilikuwepo, lakini vilisikilizwa kidogo tu. Pua ndiyo usiseme, ilikuwa kama mgeni anayefika karamuni watu wakiosha sufuria.

Katika milima hii aliishi mama mmoja, Mghoi, mfuga ng'ombe. Siku zile kila nyumba ilikuwa na mti wake wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Unachukua kijinga cha moto, unakizungusha ndani ya kibuyu, moshi unashika, ndipo unatia maziwa. Nyumba ya Mghoi ilitumia mzeituni mwitu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Wakesho, na jioni alimpaka utosini samli iliyotoka katika kibuyu hicho, kisha akamlaza kifuani.

Ikaja njaa. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama. Shangazi yake Wakesho alikuwa ameolewa huko bondeni, ambako mto ulikuwa bado na maji, akaja kumchukua mtoto ili apone. Mghoi alikubali. Alimfunga mtoto mgongoni kwa wifi yake kwa mikono yake mwenyewe, akawatazama mpaka njia ikawameza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sitajaribu kuusimulia.

Mvua ilirudi, ng'ombe wakapatikana tena, lakini mtoto hakurudi. Habari zilikuja kwamba ndui imeingia bondeni, kwamba shangazi amekufa, na mtoto hajulikani kachukuliwa na nani. Mghoi akabaki na kitu kimoja, ile sura ndani ya macho yake. Mashavu ya mviringo, pengo la meno ya mbele. Kila alfajiri aliitazama sura hiyo, akaifuta vumbi. Hapo ndipo alipokosea, masikini, na nani angemlaumu? Miaka ilipita naye hakumwongezea mtoto hata siku moja.

Miaka ile ya njaa watu wengi wa nyikani, walio mbali na mto, walikuwa wamepanda milimani wakidai ni wenyeji ili wapate maji. Kisima kilikuwa kidogo, wazee wakaweka desturi ya kutazamwa. Anayesema ni mtoto wa hapa husimama penye lango la kijiji, na mama yake humtazama. Mama akisema simjui, mtu huyo hupewa cha kunywa, kisha anashuka kabla jua halijazama, na harudi tena.

Basi siku moja alasiri alipanda msichana mrefu, mwembamba, uso wote umechimbwa na ndui. Alisema lugha ya bondeni. Alisema waliomlea walimwambia kabla hawajafa, "Wewe si wetu, wewe ni wa mlimani, mama yako anaitwa Mghoi." Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Mghoi alikuja mbio, kibuyu bado mkononi, kwa maana alikuwa akikamua. Akasimama mbele ya yule msichana, akatazama. Akatafuta mashavu ya mviringo, hayapo. Akatafuta kicheko cha pengo, akakuta mdomo wa mtu mzima. Alitazama mpaka jua likaanza kuinama. Msichana naye alimtazama, akaona mwanamke asiyemjua.

Mzee Mwakio, mlinzi wa lango, akasema kwa upole, "Mama Wakesho, jua halitungoji. Ni yeye?"

"Simuoni mwanangu," Mghoi akajibu.

Desturi ni desturi, mgeni haondoki na koo kavu. Mghoi akampa kibuyu. Msichana akakipeleka mdomoni, lakini kabla hajanywa moshi wa mzeituni ukampanda puani. Akasita. Akaanza kulia, kilio cha mtoto mdogo.

"Sikumbuki uso wako, mama," akasema. "Sikumbuki nyumba wala njia. Lakini nimewahi kulala ndani ya moshi huu."

Wanangu, harufu haipigi hodi. Macho huuliza wewe nani na umetoka wapi, masikio huuliza umesema nini. Harufu inaingia moja kwa moja mpaka chumba cha ndani, inaketi kitandani, ndipo unashtuka kwamba imeshafika.

Mghoi alisikia maneno yale naye akaona aibu ya kulia mbele ya watu. Akajifunika macho kwa viganja vyote viwili. Na macho yaliponyamaza, vingine vyote vikapata nafasi ya kusema. Akasikia pumzi ya yule msichana, ile ya kukwamakwama kidogo mwishoni, aliyokuwa akiisikiliza kifuani kwake. Akainama, akanusa. Vumbi, jasho, moshi wa safari, na chini ya hayo yote utosi wa Wakesho. Alimjua pale pale.

Lakini sikieni shida iliyompata. Alipoondoa mikono ili amkumbatie, macho yakamwonyesha mgeni mwenye makovu, na shaka ikarudi. Akajifunika tena, akamjua tena. Akifunika macho, mikono haina nafasi ya kumshika mwanawe. Akimshika, anampoteza. Na jua lile linazama.

Mghoi akainua uso mbinguni, viganja bado machoni. "Ee Muumba," akasema, "umenirudishia mtoto nami sina mkono wa kumpokelea. Nipe kitu cha kuyafunika macho haya, hata kama ni kidogo kama ganda la kunde, mikono yangu ipate kufanya kazi yake."

Akahisi ngozi ya paji la uso ikishuka taratibu, laini, ikafunika macho. Giza likawa jema. Akashusha mikono, akamzungushia mwanawe, akamkaza, na jua likazama wakiwa hivyo hivyo. Mzee Mwakio hakuuliza tena. Wanasema alipogeuka kufunga lango, naye alikuwa amefumba macho, na machozi yakatafuta njia pembeni.

Na tangu siku hiyo binadamu ana kope. Ndiyo maana mtu akinusa kitu anachokipenda hufumba macho, akionja kitamu hufumba, akiomba hufumba, na akimkumbatia wake aliyempotea siku nyingi, hufumba kabisa. Anayanyamazisha macho kidogo, yana maneno mengi mno.

Sasa wewe Chao, usijifiche nyuma ya wenzako. Uliondoka hapa ukiwa mtoto wa kubebwa. Leo kasimama mlangoni binti mrefu kunishinda, na sauti ya huko mjini, na macho yangu yakaniambia simjui. Niliona ulivyonywea. Ulidhani nimekusahau.

Sikukusahau, mjukuu wangu. Niliyafunga macho ili nikupate, na nilikupata. Acha hayo mahindi, uje tena hapa. Hao wacheke wanavyotaka. Mikono yangu yote miwili iko wazi.