Taa Aliyoishiwa Guo

Zama za mababu, kabla bonde hili halijapewa jina, aliishi Guo mwana wa Sheng, wa ukoo wa wachoma mkaa. Guo Mvunja Mianzi, Guo aliyepandisha jiwe la kusagia mlimani kwa mgongo wake mwenyewe. Msiniulize lilikuwa zito kiasi gani. Jiwe liko pale, kalisukumeni.

Kila mavuno majambazi walikuja, nasi tukakimbilia mapangoni. Nasema sisi, maana damu ni ile ile. Ndipo Guo akabuni taa ya angani: pete ya mwanzi, mfuko wa karatasi nyembamba uliozibwa juu, na chini yake kitambaa kilicholoweshwa mafuta. Moto ukipasha hewa ya ndani, hewa huwa nyepesi na mfuko hupaa; mafuta yakiisha, hushuka wenyewe. Yeye alibaki bondeni kuwavizia majambazi, akatuachia amri moja: "Asishuke mtu mpaka aone taa yangu."

Mwaka wa mwisho, siku ya kuwaombea wafu, Bibi Qiao, mama yake mzazi, alimkumbuka marehemu mumewe, akarusha taa jioni ile kutoka mlangoni mwa pango. Majambazi wakaiona, wakaanza kupanda. Guo akakimbilia kilima cha pili, upande usioonekana kutoka mapangoni, akarusha taa zake moja baada ya nyingine, mpaka wale wajinga wakageuka kumfuata yeye. Akapambana nao peke yake kwenye kivuko cha mto, wakatawanyika wasirudi tena.

Huko juu tukangoja taa. Bonde lilikuwa kimya, moshi hakuna, na bado tukangoja. Qiao alitusihi tumwache ashuke. Tukamshika mikono, tukamwambia amri ya mwanawe ni amri. Njaa ndiyo iliyotushusha.

Tulimkuta kando ya mto, mwili haujapoa bado. Mguu uliovunjika alikuwa ameufunga kwa mianzi ya taa, na pembeni yake palikuwa na rundo la maganda ya mizizi aliyokula siku zote hizo, akitutazamia. Karatasi zilikuwa zimemwishia kule kilimani.

Qiao alisema, "Alikuwa hapa tu." Hakutulaumu, na jamani, hilo linauma mpaka leo.

Basi bonde likaitwa la Guo. Wengine hurusha taa wakasimama kuitazama. Sisi ikituponyoka mkononi tu, tunashuka mbio mtoni, wazee kwa watoto. Haya, vaeni viatu. Tulishachelewa vya kutosha.