Mtoto Aliyesimama Tuli

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu, meli zimeshakuwa ndefu kama mtaa na ndani yake mna mabwawa ya kuogelea, palikuwa na mpishi wa melini jina lake Shaame. Hadithi hii nilipewa na mtu, nami nawapa kama nilivyopewa, ila nawaambia mapema kuwa haina raha. Anayetaka kucheka akatafute ya sungura.

Shaame alipika melini miaka tisa. Miaka tisa watoto wake wanamjua kwa sauti ya simu na zawadi za sandukuni. Wenye meli walikuwa na desturi yao: mfanyakazi akifikisha miaka tisa huruhusiwa kupandisha jamaa zake safari moja, wakae kama wageni. Basi Shaame akampandisha mama yake, Bi Kazija. Akampandisha mkewe, Mafunda. Akawapandisha wanawe wawili, Mize wa miaka minane na Machano wa miaka minne.

Machano alikuwa mtoto mtiifu. Ukimwambia kaa, hukaa. Ukimwambia nyamaza, hunyamaza. Watu walikuwa wakimsifu mama yake: "Mafunda, huyu umemlea." Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yanayoniuma.

Siku ya tatu ya safari meli ikatia nanga jirani na Fungu la Nyenga. Fungu, kwa msiolijua, ni mchanga unaojitokeza maji yakitoka na kuzama maji yakijaa. Hapo hukusanyika nyenga, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, na wamezoea watu kwa kulishwa vipande vya ngisi. Wageni hupelekwa kwa boti wakawaguse mgongo. Watoto hufundishwa kulala kifudifudi juu ya maji na miwani ya kuzamia usoni, bomba la kupumulia mdomoni, watazame samaki chini. Shaame hakwenda, alikuwa na zamu jikoni. Aliwasindikiza hadi ngazi ya meli akamwambia Mize, "Mchunge mdogo wako." Mize akaitika, "Haya, baba."

Aliyewachukua ni mtu mmoja akiitwa Ngwali, nahodha wa boti na mwalimu wa watoto kwa pamoja. Miaka kumi na moja alifanya kazi hiyo na hakupoteza mtoto. Alikuwa na utaratibu wake. Botini mlikuwa na ubao wenye misumari kumi na miwili, na kila mtoto ana msumari wake wa kutundikia miwani. Ngwali hakuwahesabu watoto, maana watoto, alisema, hawatulii, ni kama vifaranga, unamhesabu mmoja mara mbili na mwingine usimhesabu kabisa. Alihesabu miwani. Miwani ikishatundikwa haitembei. Akiona misumari yote imejaa, basi watoto wote wamerudi. Liwekeni hilo.

Walipofika funguni, maji yalikuwa ya mapaja ya mtoto, matulivu, yanaonesha hadi chembe za mchanga. Majaketi ya kuelea yakaachwa botini. Ngwali akawapanga watoto mstari.

"Wanangu, nyenga si mbaya. Ila hapendi kukanyagwa, na hapendi kelele. Ukitembea, buruta miguu. Akikusogelea, simama tuli. Nyamaza. Atapita aende zake. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Akikusogelea?"

"Simama tuli!"

"Halafu?"

"Nyamaza!"

Machano alijibu kwa nguvu kuliko wote. Ngwali akampapasa kichwa akasema huyu ndiye mwanafunzi wangu. Liwekeni na hilo.

Wakacheza. Wakalala majini wakatazama samaki, wakapiga kelele ndani ya mabomba yao. Mafunda, maskini, bahari haikumpenda. Alikuwa amelala mbele ya boti na kitambaa usoni, anatapika na kuomba radhi, anatapika na kuomba radhi. Akamwachia mkwewe watoto. Bi Kazija akashuka na kanga yake imefungwa kiunoni, magoti yake mabovu, anacheka peke yake kwa furaha. Miaka sitini na saba, na siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kumgusa nyenga akiwa hai na si mchuzini.

Ikafika zamu ya kulisha. Kila mtoto kipande kimoja cha ngisi. Nyenga akampokonya Machano kipande chake kabla hajajua, na Machano akaanza kulia, kilio chake cha kimyakimya, machozi tu. Bibi gani ataona machozi hayo akavumilia? Bi Kazija akaenda kwenye ndoo, akachota ngisi gao zima la mkono, akamtia mjukuu wake mfukoni mwa kaptura.

"Hao wote wako. Wape polepole. Usimwambie mtu."

Machano akaburuta miguu kama alivyofundishwa, akaenda pembeni, upande wa pili wa fungu, nyuma ya boti za wageni wengine, ili ale raha yake na nyenga wake.

Kabla hajafika mbali, Mize alimfuata. "Da Mize, miwani inaniuma." Dada akamvua, akaona alama nyekundu kwenye paji la uso, akampuliza. "Nipe, nitakutundikia. Usikawie." Akarudi botini, akatundika miwani yake kwenye msumari wake, na ya Machano kwenye msumari wa Machano, kila moja pahala pake, kama walivyoagizwa. Mnaona? Mtoto mwingine angeitupa sakafuni.

Maji yakaanza kujaa. Ngwali akapiga filimbi. Watoto wakapanda wanarukaruka, Bi Kazija akavutwa mikono miwili kwa sababu ya magoti yake. Ngwali akautazama ubao, akasema kwa sauti, "Kumi na mbili. Imetimia."

Mafunda, kitambaa usoni, akauliza, "Mama, watoto wamepanda wote?"

Bi Kazija alikuwa amesikia imetimia. Akajibu, "Wamepanda, mwanangu. Pumzika."

Boti ikaondoka.

Sasa nawaomba mtulie, na wewe uliye karibu na mlango usiniambie ulishajua. Kujua si kazi.

Walifika melini baada ya nusu saa. Ngazini ndipo Mafunda alipofunua uso akawatazama watoto mmoja mmoja wanavyopanda. Akasema, "Machano." Hakuuliza, alisema tu. Bi Kazija akasema, "Si uko naye?" Mize akasema, "Si yuko na Bibi?" Ngwali akashika usukani. Aligeuza boti na mama wa watu bado yumo ndani.

Fungu lilikuwa limeshazama. Boti nyingine zote zimeondoka. Walimkuta Machano kwenye maji, upande ule ule, nyenga saba au wanane wanamzunguka chini, na ngisi bado wamejaa mfukoni. Alikuwa amekwisha kufa.

Baadaye akatokea mgeni mmoja wa boti nyingine, akalia mbele ya askari wa bandari. Alisema alimwona. Alimwona mtoto amesimama peke yake, nyenga wanamzunguka, maji yakimfika kifuani. Hakuita, hakulia, hakusogea. "Nikasema mtoto aliyetulia hivi lazima ana mtu wake karibu." Naye boti yake ikaondoka.

Mmeelewa? Nyenga walikuwa wakifuata ngisi mfukoni. Kwa hiyo hawakupita waende zao. Na Machano aliambiwa asimame tuli mpaka wapite. Basi akasimama, akanyamaza. Mimi nimezaa, nimelea, nimewapiga watoto kwa ukaidi, na tangu nipewe hadithi hii sijampiga tena mtoto kwa kukataa kunitii.

Wakamzika nyumbani. Watu wakaja, hitima ikasomwa, watu wakaondoka. Ndipo nyumba ikagundua kuwa Mize hali chakula. Siku ya kwanza walidhani ni majonzi. Siku ya tatu wakambembeleza. Siku ya tano akaletwa daktari, akasema mtoto hana ugonjwa, lakini akiendelea hivi mtamzika naye. Mize alikunywa maji tu, akisema neno moja: "Ni mimi."

Mama yake akaja akakaa kitandani. "Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Mimi ndiye mama. Niliuliza kwa mdomo, sikufunua macho. Kitambaa kile kilikuwa chepesi hata upepo ungekiondoa, nami sikukiondoa. Ni mimi."

Mize akasema, "Mama, wewe uliuliza. Aliyeuliza hakukosa."

Bibi yake akaja, akakaa chini sakafuni, hakutaka kiti. "Si wewe, mjukuu wangu. Ni mimi. Nilimtia ngisi mfukoni. Bila ngisi nyenga wangepita. Halafu nikamjibu mama yako jambo nisilolijua, nikasema wamepanda, na nilikuwa nimesikia tu. Uzee wangu wote sikuwahi kusema uongo mkubwa kama ule."

Mize akasema, "Bibi, ulimpa kwa kuwa alilia. Na ulisikia imetimia. Mimi ndiye niliyefanya itimie."

Siku ya nane akaja Ngwali. Alikuwa ameacha kazi. Alipiga hodi, akasimama barazani kama mtu aliyekuja kuhukumiwa, na hakuna aliyemfukuza. Akamwambia Mize, "Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Nilihesabu vitu nikasema nimehesabu watu. Na mimi ndiye niliyemfundisha anyamaze. Nilimfundisha vizuri mno. Ningekuwa mwalimu mbaya, angepiga kelele."

Mize akamtazama. Akasema, "Wewe ulihesabu nilichokitundika."

Siku ya tisa Shaame akapika uji mwenyewe. Mtu aliyelisha wageni elfu kila siku, leo anakoroga kisufuria kimoja. Akautia kwenye bakuli, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nje ya mlango wakakaa watatu, mama, bibi na Ngwali, wanasikiliza.

Mize alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Akasema, "Baba, wewe hukuwepo. Wote waliokuwepo wananidanganya kwa kunihurumia. Wewe niambie kweli. Nikiisikia kweli nitakula."

"Ni kazi ya Mungu, mwanangu."

"Baba, Mungu namjua. Nakuuliza mtu."

"Ni bahati mbaya."

"Bahati haina mikono. Nani?"

Na sasa hapo ndipo nilipo mimi, na ndipo mlipo ninyi.

Akisema ni Mama, mwanamke yule aliye nje ya mlango hatamkatalia. Atakubali, na ataishi na neno hilo katika kinywa cha mumewe hadi kaburini. Akisema ni Bibi, ni mama yake aliyemzaa, na kikongwe yule haoni tena sababu ya kuamka asubuhi. Akisema ni Ngwali, askari wa bandari bado wanangoja neno la baba, na mtu yule atafungwa, na watu wengi watasema haki imetendeka. Lakini Mize amekwishamjibu Ngwali, atamwamini baba? Akisema ni yeye mwenyewe Shaame, aliyewaleta melini na kumtwika mtoto wa miaka minane kazi ya kuchunga, Mize atasema huyu naye kanihurumia kama wengine. Akisema ni wote, mtoto atasikia na jina lake limo. Akisema si yeyote, atakuwa amedanganya, na yule mtoto anaujua uongo.

Nyamazeni kidogo. Naona mikono imeshanyanyuka. Waliojibu haraka wote niliowahi kuwauliza walikuwa hawajawahi kuhesabu kitu wakasahau mtu, au hawajakumbuka bado.

Shaame amekaa ukingoni mwa kitanda, bakuli liko mikononi, uji unapoa, na mwanawe aliyebaki anamtazama mdomo. Je, nani alistahili kutajwa?